Vimulimuli Machoni: Nani Hulipima Sikio la Muuguzi?

Ndugu msomaji, najua kwamba ukishakisoma kichwa cha makala haya utaniuliza swali ambalo hata mimi nimejiuliza mara kadhaa: pilipili usiyoila yakuwashiani? Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili. Sijawahi kuvaa sare ya uuguzi wala sijui kudunga sindano. Hata hivyo, pilipili hii imeniwasha, na imeniwasha kupitia lugha, ambayo ndiyo kazi yangu na yako.

Kisa chenyewe ni kifupi. Shemeji yangu, mzaliwa wa Taveta kama mimi, alikuwa na mimba ya miezi minane aliposhikwa na maumivu ya kichwa yasiyosikia dawa. Nilimsindikiza hadi hospitali moja ambayo jina lake nitalihifadhi, maana yaliyotukia pale yangeweza kutukia katika hospitali yoyote nchini. Tulipokewa na mwanafunzi wa uuguzi aliyekuwa katika mazoezi ya kazi, binti mwenye adabu, aliyemwita shemeji "mama" na kumtafutia kiti kabla ya kumwuliza lolote. Alipoulizwa anaumwa na nini, shemeji alijibu, "Kichwa, sista. Na tangu jana naona vimulimuli." Binti alitabasamu, akaandika habari ya kichwa, akasema kwamba msimu wa mvua vimulimuli huwa vingi kweli, kisha akatuonyesha benchi la kungojea zamu.

Muuguzi wa makamo aliyekuwa akipita na sinia la dawa alisimama.

"Vimulimuli wapi, mama? Nje au machoni?"

"Machoni, sista. Hata nikiyafumba."

Sinia likawekwa chini. Dakika chache baadaye tulijua kwamba shinikizo la damu lilikuwa 170 juu ya 110 na kwamba mkojo ulikuwa na protini. Shemeji alidungwa dawa ya kuzuia kifafa cha mimba, akalazwa, na kesho yake mtoto akazaliwa. Wote wawili wazima. Mtoto yule sasa anakimbiza mbuzi.

Jioni ile yule binti alikuja kitandani kumwamkia mgonjwa. Alipokuwa akiondoka aliniambia jambo ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mwezi mmoja kabla, katika mtihani wa kuandika, alikuwa ameulizwa dalili za hatari za hali hiyohiyo, naye alizitaja zote, tatizo la kuona likiwa miongoni mwazo. Alipata alama zote za swali lile. Dalili alikuwa akiijua, ila aliijua kwa Kiingereza cha kitabuni. Ilipomjia ikiwa imevaa kanga na kusema Kiswahili cha Taveta, ilimpita.

Simlaumu binti yule. Ninaulaumu mtihani uliomwambia kwamba amejua. Hoja yangu ni hii: mitihani ya wauguzi wetu hupima ujuzi wa ugonjwa, na siku hizi hujitahidi kupima hata uamuzi wa muuguzi mbele ya mgonjwa, lakini haipimi kile kinachotangulia uamuzi wowote, yaani kuyasikia maneno ya mgonjwa na kuyatambua yalivyo.

Tuanze na swali la mtihani wenyewe. Chukua swali lolote la kuchagua jibu sahihi ambalo mwanafunzi wa uuguzi hukutana nalo. Litaanza kwa kueleza kwamba mwanamke wa miaka ishirini na minne, mwenye mimba ya wiki thelathini na nne, amefika kliniki akiwa na maumivu ya kichwa na matatizo ya kuona. Kisha litauliza muuguzi afanye nini kwanza. Swali kama hilo si baya, na mtahini amefanya kazi ya maana. Lakini hebu tazama ni kazi ya nani aliyoifanya. Mtu fulani, kabla ya swali kuandikwa, amekwisha kumsikiliza mwanamke yule, akauliza vimulimuli viko wapi, akaamua kwamba hilo si suala la wadudu bali la macho, akalipa jina la kitaalamu. Mtahiniwa amepewa dalili ikiwa imekwisha kuchambuliwa kama samaki aliyeparuliwa na kutolewa miiba. Kazi yake ni kukaanga tu. Wodini samaki huja na magamba yake.

Wataalamu wa elimu ya tiba wameliona pengo la namna hii kwa muda mrefu. Mwaka 1990 Mmarekani George Miller alipendekeza tuutazame umahiri kama piramidi yenye ngazi nne: kujua, kujua jinsi ya kufanya, kuonyesha unavyofanya, na hatimaye kufanya kazini kwenyewe. Mtihani wa karatasi hauwezi kupanda zaidi ya ngazi mbili za chini. Kwa upande wa uuguzi hasa, Christine Tanner alichapisha mwaka 2006 maelezo ambayo mimi, kwa jicho la mwanaisimu, nimeyapenda mno. Alisema kwamba uamuzi wa muuguzi una hatua nne: kutambua, kufasiri, kutenda na kutafakari. Tazama kinachotangulia. Hata mtihani wa leseni wa Marekani, ambao wauguzi wengi wa Kenya huufanya wakitarajia kuajiriwa huko, ulibadilishwa mnamo Aprili 2023 ili upime uamuzi kwa undani zaidi kuliko zamani, na hatua ya kwanza katika mfumo wake mpya ni kutambua viashiria. Basi wote wamekubaliana kwamba kutambua ndiko mlango. Lakini mlango huo una ufunguo, na ufunguo wenyewe ni lugha ya yule anayeumwa.

Na lugha yenyewe ni ipi? Asiyeifahamu Taveta na adhani ni mji mdogo tu wa mpakani, zaidi ya kilomita mia moja magharibi ya Voi, ambako lori husimama kabla ya kuvuka kwenda Holili. Aliyezaliwa huko anajua kwamba foleni ya hospitali siku ya soko ni somo kamili la isimujamii. Humo mna Mtaveta kutoka Kitobo, Mtaita aliyeteremka kutoka milimani, Mkamba, Mmaasai, mvuvi wa Ziwa Jipe, na Mpare au Mchaga aliyevuka mpaka asubuhi na ndizi zake na ambaye anatarajia kurudi kwao kabla ya giza. Wote hawa wanapozungumza na muuguzi, lugha inayowakutanisha ni Kiswahili. Si Kiswahili kimoja, hata hivyo, wala si kile cha vitabu vya kiada.

Chukua neno *homa*. Kwa Wakenya wengi, mtu mwenye homa ni mtu anayepiga chafya na kutokwa na kamasi. Kwa jirani yake wa ng'ambo ya mpaka, homa ni joto la mwili lililopanda, na mara nyingi fikira yake ya kwanza ni malaria. Mama wawili wamekaa benchi moja, kila mmoja na mtoto mgongoni, kila mmoja anasema, "Mtoto ana homa." Muuguzi asiyeuliza zaidi atakuwa amesikia jambo moja mahali palipo na mambo mawili.

Au chukua *chembe cha moyo*. Bibi zetu hutumia maneno hayo kwa pale mahali penye kijishimo chini ya mfupa wa kifua, juu ya tumbo. Mwanafunzi aliyesomea Nairobi akisikia "chembe cha moyo kinaniuma" hulidaka neno *moyo* na kukimbilia moyo. Mjamzito anayelalamikia chembe cha moyo huenda ini lake ndilo linaloumia kutokana na ugonjwa uleule uliompata shemeji yangu. Kisha kuna mgonjwa anayesema kwamba moyo umemchafuka. Huyu wala hana ugonjwa wa moyo wala hana huzuni, anataka kutapika. Shuleni tulifundishwa *kichefuchefu*, neno zuri sana, ambalo sijawahi kumsikia bibi yangu akilitamka. Sijagusa *kifua*, *presha*, *chango* wala *kichomi*, ambayo kila moja ina safari yake.

Mfano mzito kuliko yote ni *degedege*. Mwaka 1996 ulichapishwa utafiti uliofanywa wilayani Bagamoyo kuhusu jinsi wazazi walivyokuwa wakitibu hali hiyo ya mtoto mwenye joto kali anayekakamaa na kutetemeka. Kwa daktari hiyo mara nyingi ni malaria kali. Kwa wazazi wengi degedege ilikuwa ugonjwa mwingine kabisa, wenye chanzo chake na waganga wake, na matibabu yalianzia nyumbani au kwa mganga kabla ya hospitali kufikiriwa. Ina maana kwamba ujumbe wa "malaria inaua, wahi hospitali" ungeweza kumfikia mzazi, akauelewa na kuukubali, na bado usimhusu mtoto wake anayekakamaa, kwa kuwa yeye hakuwa na malaria bali alikuwa na degedege. Anayesema kwamba tofauti ya neno ni jambo dogo na akumbuke mtoto huyo.

Sasa rudi kwenye chumba cha mtihani. Ni kweli kwamba mafunzo ya uuguzi hayategemei karatasi pekee. Kuna mtihani wa vituo, uliobuniwa na Ronald Harden na wenzake huko Dundee, Uskoti, wakautangaza mwaka 1975. Kengele hulia, mwanafunzi huingia kituo cha kwanza na kufanya jambo moja mbele ya mtahini mwenye orodha ya alama, kengele hulia tena, anahamia kituo cha pili. Kabla ya hapo, mwaka 1963, Howard Barrows wa Los Angeles alikuwa amekwisha kuanza kutumia mgonjwa wa kuigiza, yaani mtu mzima wa afya aliyefundishwa kuonyesha ugonjwa kwa namna ileile kila mara, ili kila mtahiniwa akutane na mgonjwa yuleyule. Vyuo vyetu vinaujua mtihani wa vituo na wanafunzi wanauogopa ipasavyo.

Nilipowauliza rafiki zangu wanaosomea uuguzi huyo mgonjwa wa kituoni huwa nani, walicheka. Mara nyingi ni mwanasesere wa plastiki, asiyesema kitu. Wakati mwingine ni mwanafunzi mwenzao. Na mwanafunzi mwenzao, akiulizwa anaumwa wapi, hujibu kwa istilahi ileile iliyoandikwa kwenye orodha ya mtahini, kwa sababu naye ameisoma na hataki mwenzake aanguke. Katika orodha yenyewe kunakuwa na alama ya kujitambulisha, alama ya kunawa mikono, alama ya kumweleza mgonjwa kinachofanyika. Hayo yote ni mema. Mwenzangu mmoja aliniambia kwamba alipata alama ya "mawasiliano" kwa kumwamkia mwanasesere.

Hapa naomba nituelekezee kidole sisi wenyewe, wana Kiswahili. Wengi wetu tuliopitia mfumo wa 8-4-4 tuliikariri *sajili ya hospitalini* kwa ajili ya mtihani wa kidato cha nne. Tulijua sifa zake kama sala: msamiati maalumu, kuchanganya ndimi, maswali na majibu, lugha ya upole na matumaini. Tulipewa mazungumzo baina ya daktari na mgonjwa tukaambiwa tutoe mifano. Je, unamkumbuka mgonjwa yule? Alisema, "Daktari, ninahisi maumivu makali ya kichwa, nina kichefuchefu na ninatapika." Mgonjwa wa ajabu! Amejichunguza mwenyewe, amezipanga dalili zake kwa ufasaha, amebakisha tu kuandikiwa dawa. Sisi nasi tulimparua samaki. Tulimfundisha muuguzi wa kesho, akiwa bado kidato cha tatu, kwamba mgonjwa huzungumza hivyo, kisha leo tunashangaa anapomsikia shemeji yangu na kudhani anazungumzia wadudu.

Wala Kiswahili hakikukosa nafasi katika safari ya binti yule. Tangu 1985 kilikuwa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za upili. Anayeomba kusomea stashahada ya uuguzi huhitajika kuwa na alama nzuri katika Kiingereza au Kiswahili. Basi lugha yetu humfikisha langoni, ikambishia hodi, kisha ikaachwa nje. Kuanzia hapo mihadhara, vitabu, mitihani ya chuo na ile ya Baraza la Wauguzi la Kenya ni kwa Kiingereza.

Kuna msomaji ambaye tayari ameshika bango na kutaka mitihani yote ya uuguzi itafsiriwe kwa Kiswahili. Nitamkatiza tamaa. Sitetei hilo. Kwanza, majina ya dawa, vipimo na kumbukumbu za wodi yako katika Kiingereza, na muuguzi anayeyasoma kwa kusuasua ni hatari kwa mgonjwa kama yule asiyesikia. Pili, ndugu zetu wa Tanzania, ambao Kiswahili kimeshika elimu yao ya msingi yote, bado huwafunza wauguzi wao kwa Kiingereza, kwa hiyo kuvuka mpaka pale Holili hakutatatua jambo hili. Tatu, na hii ndiyo sababu kubwa, swali likitafsiriwa likasema kwamba mjamzito "ana matatizo ya kuona", dalili itakuwa bado imeparuliwa, safari hii kwa kisu cha Kiswahili sanifu. Istilahi ni jina ambalo mtaalamu huipa dalili. *Kamusi ya Tiba* ya TUKI ya mwaka 2003 ilikuwa kazi adhimu, na ninaiheshimu, lakini kamusi ya istilahi haikuandikwa ili imsikilize mama wa Kitobo.

Wengine watasema kwamba jambo hili ni la hiari ya muuguzi mwema, si la mtihani. Sheria haisemi hivyo. Katiba ya 2010, katika Ibara ya 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Ibara ya 50 inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama mkalimani bila malipo. Mwizi wa kuku, kwa hiyo, ana haki ya kueleweka. Kuhusu mgonjwa, Sheria ya Afya ya 2017 inataka apewe maelezo ya hali yake na ya matibabu, kabla hajaamua, katika lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha elimu. Ni sheria nzuri, ila hebu itazame vizuri: inazungumzia maelezo yanayotoka kwa mhudumu kwenda kwa mgonjwa. Yale yanayotoka kwa mgonjwa kwenda kwa mhudumu, ambayo ndiyo hutangulia, yameachwa yajipitie.

Kuna pia kinaya ambacho sikiwezi kukinyamazia. Mwezi Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwawezesha wauguzi wetu kufanya kazi huko. Mwaka 2022 iliripotiwa kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, ni 10 tu waliofaulu, na nchi nzima ikashtuka. Magazeti yaliuliza elimu yetu imekwenda wapi. Sina ugomvi na Waingereza: wanataka muuguzi atakayemwelewa mzee wao anapolalamika kwa lafudhi ya kwao, na wana haki. Ninachouliza ni kwa nini mzee wa Uingereza apimiwe sikio la muuguzi kabla hajaguswa, ilhali mzee wa Mata au Njukini hapimiwi.

Pingamizi la mwisho ndilo linaloniumiza kichwa, na silipuuzi. Mwanafunzi wa uuguzi katika chuo cha Voi au Taveta huenda ametoka Kisii, Turkana au Garissa, na baada ya kuhitimu atapelekwa kwingine kabisa. Tutamtahini vipi kwa msamiati wa Taveta? Isitoshe, mle mle Taveta wamo wazee ambao Kiswahili chenyewe ni lugha ya kukodi, wanaofikiri kwa Kitaveta au Kimaasai na kutupa maneno mawili matatu ya Kiswahili wanapolazimika. Nikisema mtahiniwa akariri orodha ya maneno ya kienyeji nitakuwa nimeanzisha *sajili ya hospitalini* ya pili, na wanafunzi wataikariri kama sisi tulivyoikariri.

Jibu langu liko kwa yule muuguzi wa makamo. Yeye hakuwa na kamusi kichwani. Sijui hata kama alizaliwa karibu na Taveta. Alichokifanya ni kulisikia neno ambalo halikukaa sawa, akakataa kulipita, akauliza swali la maneno sita. Hilo ndilo linalopaswa kupewa alama. Mtihani usiulize kama mtahiniwa anajua *chembe cha moyo* ni nini. Uangalie kama, anapolisikia, atamwomba mgonjwa aweke kidole mahali panapouma. Usiulize tafsiri ya *degedege*, uangalie kama atamwambia mama, "Nieleze alivyofanya mtoto tangu ilipoanza." Mzee akiwa hana Kiswahili cha kutosha, uangalie mtahiniwa anamtafuta nani wa kufasiri, na kama atakubali mtoto wa miaka tisa asimame katikati kuzifasiri siri za tumbo la mama yake. Na tukiwa hapo, mtu auondoe ule utaratibu wa kumwambia bibi ayapime maumivu yake kuanzia moja hadi kumi bila maelezo. Bibi yangu aliulizwa hivyo. Alijibu kwamba maumivu si mayai.

Stadi hiyo husafiri. Aliyeipata Taveta ataitumia Lodwar, na ataitumia hata huko London.

Naye asidhani mtu kwamba jambo lenyewe ni la adabu tu. Dawa aliyodungwa shemeji yangu ni magnesiamu salfeti. Utafiti mkubwa ulioitwa Magpie, uliochapishwa mwaka 2002 baada ya kuwahusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba dawa hiyo hupunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Si dawa ya anasa. Ilikuwapo kabatini siku ile, hatua chache kutoka kwenye benchi letu. Kati ya benchi na kabati palikuwa na neno moja tu lisiloeleweka.

Nini basi kifanyike? Napendekeza jambo dogo. Katika kila mtihani wa vituo, kuwe na angalau kituo kimoja ambapo mgonjwa ni mtu, si mwanasesere, na mtu huyo azungumze kama watu wanavyozungumza nyumbani kwao. Alama nyingi za kituo hicho ziende kwa swali lililoifungua kauli ya mgonjwa, hata kama mtahiniwa hakulifikia jina la ugonjwa. Wauguzi na madaktari ndio wahakiki kila kisa na kutoa alama, maana sisi hatujui tiba na tusijitie kuijua.

Lakini visa vyenyewe viandikwe na nani, na viigizwe na nani? Watu watasema hakuna fedha za kulipa waigizaji. Ndugu msomaji, sisi tunafanya nini kila muhula? Tunasoma tamthilia, tunaiga wahusika, tunatenga siku nzima kwa maonyesho jukwaani, tunakusanya fasihi simulizi vijijini na kuiandika neno kwa neno. Katika Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, Kiswahili na uuguzi hufundishwa katika chuo kimoja, na kuna vyuo vingine kadhaa nchini vya namna hiyo. Mwanafunzi wetu anayeweza kuwa mfalme jukwaani kwa saa mbili hashindwi kuwa mama mwenye mimba ya miezi minane kwa dakika kumi. Wahadhiri wetu wangeweza kuikubali kazi hiyo kama mradi wa utafiti. Kuna tasnifu ngapi kuhusu makosa ya upatanisho wa kisarufi ambazo hakuna atakayezifungua tena?

Sharti moja tu. Tukiandika visa hivyo tusimsahihishe mgonjwa. Najua tutashawishika. Mimi mwenyewe, nilipoandika kisa cha shemeji kwa mara ya kwanza, nilijikuta nimemwekea maneno "ninaona mimweko ya mwanga", kisha nikaona haya.

Likizo iliyopita nilikaa sokoni Taveta asubuhi tatu na daftari, nikiwauliza kina mama wanaouza ndizi na maharagwe jinsi wanavyoeleza kuumwa kwao wanapofika hospitali. Wengine walinifukuza, wakidhani mimi ni mtu wa kanjo. Waliokubali walinipa kauli nane. Saba nimezipeleka kwa muuguzi mmoja mstaafu, naye amenieleza ni maswali gani angeyauliza kwa kila moja, nami nimeanza kuziandikia visa. Ya nane, "tumbo linanikokota", bado sijaielewa, na mama aliyeisema alikuwa na haraka ya kuvuka mpaka kabla ya jua kutua. Nimeambiwa huja kila siku ya soko.